Vibonzo vya mikono mingi: Kutoka Pichadithi hadi Shujaaz

NANGINA, Busia

KWA mfugaji wa kuku wa kienyeji hapa Nangina, adui wa vifaranga hana haja ya kutambulishwa. Mwewe huelea juu kana kwamba hana habari na aliye chini, kisha hushuka ghafla na kunyakua. Mama kuku hubaki akilia, na mwenye boma huhesabu hasara.

Mnamo 2010, vijana wengi wa Kenya walisoma suluhu ya tatizo hilo mahali ambapo hawakuitarajia: ndani ya kitabu cha vibonzo. Hadithi ilieleza kwamba kifaranga akipakwa rangi kali, kwa mfano waridi, mwewe hamtambui kuwa ni chakula na humpita. Ushauri huo haukuja kwa sauti ya afisa wa kilimo wala kwa lugha ya kijitabu cha serikali. Ulitoka vinywani mwa wahusika waliochorwa, wanaovaa na kutaniana kama vijana wa mtaani.

Chapisho hilo liliitwa Shujaaz. Aghalabu msomaji hukumbuka kifaranga cha rangi ya waridi na kusahau kuuliza aliyekichora. Jibu la swali hilo ni kwamba hakuchora mtu mmoja. Kulikuwa na aliyeandika mswada, aliyechora kwa penseli, aliyepitisha wino, aliyetia rangi na aliyepanga maneno katika maputo.

Utaratibu huo wa kazi ya pamoja ndio uliozaa baadhi ya vibonzo bora zaidi duniani na Afrika Mashariki. Ndio pia unaoleta maswali magumu: Nani mmiliki wa mhusika aliyebuniwa na watu wengi? Nani atakumbukwa? Na kurasa zenyewe zitahifadhiwa wapi?

MFANO WA WAJAPANI

Huko Japani, ambako vibonzo huitwa manga na husomwa na watoto, wafanyakazi wa ofisi na wazee bila haya yoyote, kundi mashuhuri zaidi ni CLAMP. Lilianza katikati ya miaka ya 1980 kama chama cha marafiki waliojichapishia kazi zao. Wakati huo walikuwa kumi na mmoja. Wengine waliondoka, na hatimaye wakabaki wanawake wanne: Nanase Ohkawa, Mokona, Tsubaki Nekoi na Satsuki Igarashi.

Kazi yao ya kwanza katika jarida la kibiashara, RG Veda, ilianza 1989. Kama jina linavyodokeza, waliichota katika visasili vya kale vya India na kuvigeuza kuwa hadithi ya vita vya miungu. Zilifuata Tokyo Babylon mwaka 1990, X mwaka 1992, Magic Knight Rayearth mwaka 1993, na Cardcaptor Sakura mwaka 1996, hadithi ya msichana wa shule ya msingi anayesaka kadi za uchawi zilizotawanyika. Hiyo ya mwisho ilifanywa filamu za katuni za televisheni zilizoonyeshwa katika nchi nyingi.

Mgawanyo wa kazi ndani ya kundi hilo unaeleweka kwa urahisi. Ohkawa huandika hadithi. Mokona aghalabu huongoza uchoraji. Wengine wawili husaidia kuchora na kusanifu, na nafasi hizo hubadilika kulingana na kazi iliyopo. Lakini jalada hubeba jina moja tu, CLAMP, na wahusika ni mali ya kundi.

Faida ya mpango huo ilionekana wazi mwaka 2003, walipoanza kuchapisha hadithi mbili kwa wakati mmoja katika majarida mawili tofauti: Tsubasa na xxxHolic. Hadithi hizo zinaingiliana. Tukio linaloanza katika moja hupata maana katika nyingine, na wahusika wa kazi za awali hurejea wakiwa na maisha mapya. Ni vigumu kuona mchoraji mmoja akibeba mzigo huo peke yake kila wiki. Tena, kwa kuwa wahusika walikuwa mali ya kundi, hapakuwa na haja ya kumwomba mtu ruhusa ili kuwarejesha jukwaani.

Hata hivyo, umoja si kinga ya kila jambo. X, hadithi inayohusu mwisho wa dunia, ilisimamishwa mwaka huohuo wa 2003 kutokana na wasiwasi juu ya ukatili uliomo. Haijakamilishwa hadi leo.

KABLA YA SHUJAAZ

Kenya haikungoja Japani iifundishe kusimulia kwa picha. Juha Kalulu, mhusika wa Edward Gicheri Gitau, alizaliwa miaka ya 1950 na baadaye akadumu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Lakini Juha alikuwa mtoto wa baba mmoja. Gitau alibuni, akaandika na kuchora mwenyewe.

Hatua ya kwanza kubwa kuelekea kazi ya pamoja ilikuja 1973, mwanahabari Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walipoanzisha jarida la Joe. Jina lilikuwa la mhusika aliyetokana na safu ya ucheshi ya Ng'weno gazetini, mwananchi wa kawaida wa mjini anayecheka ili asilie. Hirst, Mwingereza aliyefika Kenya katikati ya miaka ya 1960 na kufundisha sanaa katika Chuo cha Kenyatta, alimpa Joe sura. Jarida hilo lilikusanya chini ya paa moja hadithi fupi, vichekesho na vibonzo vya wachoraji kadhaa, Gitau akiwa miongoni mwao. Lilidumu hadi 1979.

Miaka ya 1980 ilileta Pichadithi. Jina hilo, lililounganisha picha na hadithi, ni miongoni mwa maneno yaliyobuniwa kwa ustadi zaidi katika uchapishaji wa Kenya, ingawa matini yenyewe yaliandikwa kwa Kiingereza. Vitabu hivyo vyembamba vilivyotolewa na Kul Graphics ya Nairobi vilichukua simulizi za jadi na kuzigawa katika visanduku vya picha. Humo mlikuwa na Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na ambaye siri ya nguvu zake ilikuwa katika kivuli chake. Mlikuwa pia na Wanjiru aliyetolewa kafara ili mvua inyeshe.

Hirst alikuwa nguzo ya mfululizo huo, lakini hakuwa peke yake. Alishirikiana naye Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya Kenya kuwa makao yake na ambaye baadaye aliwabuni Golgoti na Akokhan. Kwa njia hiyo Mwingereza na Mghana walikaa kuchora simulizi ambazo nyanya za Wakenya walizisimulia kando ya moto. Kundi si lazima liwe la ukoo mmoja.

Mwaka 1996 shirika la Sasa Sema, lililoanzishwa Nairobi na Mmarekani Lila Luce, lilirekebisha kasoro iliyoachwa na Pichadithi: lilichapisha vibonzo kwa Kiswahili. Kitabu kilichofahamika zaidi ni Abunuwasi cha Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa ameanza kujipatia jina katika gazeti la Daily Nation. Visa vya mjanja huyo vinajulikana kote katika Uswahili, na Gado alivipa nyuso, mavazi na vichochoro vya pwani. Baadaye jina la Sasa Sema lilichukuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Longhorn.

SOMO LA SANI

Tanzania inatoa mfano unaoonyesha vizuri zaidi thamani ya kundi. Jarida la Sani lilipata jina lake kwa kuunganisha silabi za kwanza za majina ya waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Hivyo tangu siku ya ubatizo lilikuwa mali ya zaidi ya mtu mmoja.

Miongoni mwa wachoraji wake alikuwa Philip Ndunguru, kijana mwenye kipaji cha kipekee aliyewapa wasomaji wahusika kama Ndumilakuwili, Lodilofa na Pimbi. Ndunguru alifariki 1986 akiwa bado katika miaka yake ya ishirini. Kwa kawaida kifo cha mchoraji humzika na mhusika wake. Haikuwa hivyo kwa Sani. Wenzake walishika kalamu, na wahusika hao wakaendelea kuwachekesha na kuwaonya wasomaji.

Linganisha hali hiyo na ya Frank Odoi, aliyefariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu jijini Nairobi. Akokhan alikuwa ulimwengu mzima wa mizimu, wapiganaji na uganga, lakini ulimwengu huo ulikaa kichwani mwa mtu mmoja. Alipoondoka, mlango wa hadithi mpya ulifungwa. Zilizobaki ni zile alizokwisha kuzichapisha.

SHUJAAZ ILIVYOFANYWA

Shujaaz ilizinduliwa Februari 2010 na kampuni ya Well Told Story ya Nairobi, iliyoanzishwa na Rob Burnet. Mhusika wake mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi. Badala ya kukaa akilalamika, alijenga kituo cha redio cha siri chumbani mwake na kuanza kurusha matangazo kwa jina la DJ B. Hata watu wa karibu naye hawajui kwamba mtangazaji anayezungumzwa na kila mtu ni yule kijana wanayemwona hana kazi.

Kando yake wapo Maria Kim, Malkia na Charlie Pele, kila mmoja na makazi yake na shida zake. Kinachowaunganisha ni redio. Mmoja hupata maarifa fulani, huyatuma kwa DJ B, naye huyatangaza. Muundo huo uliwapa waandishi njia rahisi ya kuingiza suala lolote, liwe la kilimo, biashara ndogo, uzazi wa mpango au amani, bila kuonekana wanahubiri. Ikumbukwe kwamba nchi ilikuwa imetoka katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, na vijana walikuwa wamechoka kuhubiriwa.

Meza ya kazi ilikuwa ya watu wengi. Bridget Deacon alikuwa miongoni mwa waliosimamia hadithi. Miongoni mwa wachoraji na wasanifu walikuwamo Daniel Muli, Eric Muthoga, Salim Busuru, Movin Were, Joe Barasa na Naddya Oluoch-Olunya. Jambo la kuzingatia ni kwamba toleo lilitakiwa kila mwezi bila kukosa. Mchoraji mmoja akiugua, Boyie hakuweza kuugua. Ilibidi pua, macho na mkao wake vifanane, awe amechorwa na huyu au na yule.

Usambazaji nao ulikuwa wa aina yake. Nakala zilitolewa bure, zikiwekwa ndani ya gazeti la Daily Nation na kugawanywa katika vibanda vya M-Pesa. Katika miaka ya mwanzo zilichapishwa zaidi ya nusu milioni kila mwezi. Umuhimu wa vibanda hivyo haukuwa mdogo. Soko dogo linaweza kukosa duka la vitabu na hata muuzaji wa magazeti, lakini tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 ni nadra kukosa wakala wa kutuma na kupokea pesa. Vibonzo vilifuata njia ambayo pesa ilikuwa imekwisha kuifungua.

Fauka ya kurasa, hadithi hizo zilirushwa redioni na wasomaji wakahimizwa kujibu kwa ujumbe wa simu. Ndiyo maana tuzo za kimataifa za Emmy ambazo Shujaaz ilitunukiwa, mwaka 2012 na tena 2014, zilihusu matumizi ya teknolojia mpya kwa vijana. Mwaka 2015 mradi uliingia Tanzania, ukiwa na DJ wake mwenyewe, DJ Tee.

LUGHA MPAKANI

Uamuzi uliozua mjadala mkubwa ni wa lugha. Shujaaz iliandikwa kwa Sheng, lugha ya vijana ya Nairobi inayochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine za Kenya. Walimu wengi wa Kiswahili walinuna, na haikuwa ajabu. Mwalimu anayehangaika kumfundisha mwanafunzi upatanisho wa sarufi hafurahii kuona kitabu kinachopendwa kikivunja kila kanuni aliyoiandika ubaoni.

Hoja ya waliounga mkono ilikuwa kwamba kijana husikiliza lugha anayoitumia na wenzake. Hoja zote mbili zina uzito, lakini katika ukanda huu wa mpaka suala lina sura nyingine.

Nangina imo Samia, katika eneo la Funyula, kusini mwa mji wa Busia. Lugha ya mama kwa wengi ni Kisamia, inayozungumzwa pia ng'ambo ya mpaka nchini Uganda. Kaskazini, kuelekea Malaba, ni nchi ya Wateso. Kando yao wapo Wanyala, Wakhayo, Wamarachi na Waluo. Sokoni Busia, dereva wa lori kutoka Mombasa na mchuuzi kutoka Tororo hukutana katika Kiswahili, kila mmoja na chake. Kwa mtoto wa hapa, Sheng si lugha ya mtaani kwake. Ni lugha ya mji ulio mbali, inayomfikia kwa redio, matatu na likizo za jamaa zake.

Kwa hiyo kibonzo cha Sheng humfurahisha, lakini humweka pia katika hali ya mgeni anayejifunza tabia za mwenyeji. Na kikivuka daraja kwenda upande wa pili, hupoteza sehemu ya utani wake. Kiswahili cha kawaida kingeweza kusafiri mbali zaidi, hasa sasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 2021 kukifanya kuwa lugha yake rasmi, na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Maelfu ya watoto wa upande huo watahitaji vitu vyepesi na vya kupendeza vya kusoma. Vibonzo vya aina ya Abunuwasi vingefaa sana.

Wahusika wa vibonzo wamewahi kuvuka mpaka huu. James Tumusiime, Mganda aliyekimbilia Kenya enzi za misukosuko ya nchi yake, alibuni Bogi Benda akiwa hapa nchini na kuwachekesha wasomaji wa Kenya. Aliporejea kwao alishiriki kuanzisha gazeti la New Vision mwaka 1986, kisha shirika la Fountain Publishers. Uzoefu alioupata ugenini ukawa mtaji wa uchapishaji nyumbani.

NANI MWENYE MALI?

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyofanywa na mwajiriwa akiwa kazini, au iliyoagizwa na mtu mwingine, huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa mwajiri au mwagizaji, isipokuwa pale ambapo pande zote zimekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba mchoraji anayeajiriwa kuchora mhusika asitarajie kuondoka naye siku atakapoacha kazi. Sheria humwachia haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi.

Kwa mchoraji anayemiliki kazi yake mwenyewe, ulinzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kazi zilizokuwa mali ya Odoi, kwa mfano, zitalindwa hadi mwisho wa 2062, na faida yake ni ya warithi. Tofauti kati ya hali hizo mbili hutokana na karatasi iliyotiwa saini siku ya kwanza.

CLAMP walikwepa mtego huo kwa kuwa kundi lenyewe ndilo mtunzi. Wachoraji wengi wa Afrika Mashariki hawajapata nafasi hiyo. Wameungana kwa sababu mfadhili au mchapishaji amewaunganisha, na fedha zikikoma kila mmoja hushika njia yake. Chama kinachoundwa na wachoraji wenyewe, chenye mapatano yaliyoandikwa kuhusu nani anamiliki nini, kinaweza kuuza mhusika mmoja kwa gazeti, kwa mchapishaji wa vitabu vya shule na kwa kituo cha televisheni, na bado kikabaki naye.

KARATASI ISIYODUMU

Kuna hasara nyingine inayoendelea kimyakimya. Karatasi ya gazeti hugeuka manjano, hukatika, na aghalabu huishia kufungia mandazi. Kitabu cha bure hudharauliwa zaidi, kwa kuwa kilichopatikana bila jasho hutupwa bila majuto. Sheria ya Kenya ya vitabu na magazeti huwataka wachapishaji kuwasilisha nakala za machapisho yao kwa serikali, lakini nakala iliyofungiwa Nairobi haimsaidii mwanafunzi wa Funyula anayetaka kuona jinsi kivuli cha Lwanda Magere kilivyochorwa.

Matokeo yake ni kwamba kijana mwenye kipaji huanza kana kwamba hakuna aliyemtangulia. Huijua Japani kupitia simu yake, huweza kumchora Sakura kwa macho makubwa na nywele za upepo, lakini hajawahi kuona Joe, Pichadithi wala Sani. Si kosa lake. Hapajawekwa kitu cha yeye kukiona.

Dawa yake haihitaji mamilioni. Shule inaweza kutenga rafu moja ya vibonzo katika maktaba yake na kuvifunga kwa mwaka kama inavyofunga karatasi za mitihani. Wachapishaji wanaomiliki kazi za zamani wanaweza kuzichapisha upya au kuziweka katika intaneti kwa bei nafuu. Na kila jalada linaweza kubeba majina ya wote walioshiriki, kuanzia mwandishi hadi mtia rangi, kwa herufi zinazosomeka.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika historia ya vibonzo vya eneo hili, wahusika waliodumu baada ya kufiwa na waliowabuni ni wale walioshikwa na mikono mingi. Inapasa wenye mikono hiyo nao wajulikane kwa majina, ili mtoto wa Nangina akimwona kifaranga cha rangi ya waridi ajue kwamba ipo kazi ya aina hiyo, na kwamba naye anaweza kuifanya.